Watetezi wa Wafungwa Katika Nchi ya Chile

Katika kipindi cha uraia muhula huu mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo mwalimu hakulijibu papo hapo. Alisema, "Mwalimu, ikiwa jaji amekwisha kukataa mara mia, kuna faida gani kumpelekea hati ya mia na moja?" Darasa zima lilicheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekwa. Makala hii imeandikwa ili kujaribu kulijibu. Jibu tutalitafuta mbali sana na hapa petu, katika nchi ya Chile, kwa sababu huko watu wa dini waliulizwa swali hilo hilo kwa muda wa miaka kumi na sita na zaidi, nao walilijibu kwa matendo.

Nchi na Mkasa Wake

Msomaji akitazama ramani ya Amerika ya Kusini ataiona Chile upande wa magharibi, nchi ndefu na nyembamba kama utepe, imebanwa baina ya milima ya Andes na bahari ya Pasifiki. Urefu wake wapata kilometa 4,300. Mji wake mkuu ni Santiago. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilisifiwa kwa kufuata sheria na kuchagua viongozi wake kwa kura.

Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yaliipindua serikali ya Rais Salvador Allende, naye akafa siku hiyo hiyo katika ikulu yake. Utawala ukashikwa na wakuu wanne wa majeshi na polisi, na mkubwa wao akawa Jenerali Augusto Pinochet. Bunge lilifungwa, vyama vya siasa vikapigwa marufuku au kusimamishwa, na watu wakaanza kukamatwa kwa maelfu: wabunge, wanafunzi, walimu, wafanyakazi wa viwanda na wakulima. Magereza hayakutosha. Uwanja wa Taifa wa mpira katika Santiago ukageuzwa kuwa kizuizi, na watu wakalala chini ya viti vya watazamaji. Wengine walipelekwa Chacabuco, mji wa zamani wa machimbo ulioachwa katikati ya jangwa, na wengine katika kisiwa cha Dawson kule kusini penye baridi kali.

Walioshtakiwa walipelekwa mbele ya mabaraza ya kijeshi, kwa kuwa watawala walitangaza kwamba nchi ilikuwa katika hali ya vita. Wakili alipewa muda mfupi sana wa kusoma mashtaka, na hukumu ikiisha kutolewa hapakuwa na rufani. Mahakama ya Juu ya nchi ilisema kwamba haina mamlaka juu ya mabaraza hayo. Lakini hao walioshtakiwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Wengi walichukuliwa usiku wakawekwa pasipojulikana, bila shtaka wala hukumu, na wake zao wakazunguka kutoka kituo kimoja cha polisi mpaka kingine wakijibiwa, "Hapa hayupo."

Hukumu ya Haki Ni Nini?

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze maneno haya mawili, maana hutajwa sana na hufahamika kidogo. Hukumu ya haki haina maana kwamba mshtakiwa lazima aachiliwe. Mtu aweza kuhukumiwa kwa haki akaonekana ana hatia. Maana yake ni kwamba kabla ya kuadhibiwa mtu aambiwe kosa lake, apewe wakili na muda wa kujitetea, asikilizwe na jaji asiyepokea amri kutoka kwa mshitaki, asilazimishwe kwa mateso kukiri, na awe na nafasi ya kukata rufani. Na kutendewa kwa utu maana yake ni kwamba hata mwenye hatia hapigwi, hanyimwi chakula wala dawa, na jamaa zake hujua mahali alipo.

Ipo pia njia moja ya sheria, ya kale sana, ambayo kwa Kilatini huitwa habeas corpus. Mtu yeyote aweza kwenda mahakamani akasema, "Ndugu yangu amekamatwa. Naomba waliomkamata waamriwe kumleta hapa mbele ya jaji, waeleze wamemshika kwa sheria gani." Huko Chile njia hiyo huitwa amparo, yaani hifadhi. Sheria za Chile ziliwataka majaji wajibu ombi la namna hiyo katika muda wa saa 24, kwa sababu mtu aliye mikononi mwa watesi wake hawezi kungoja. Sheria hiyo haikufutwa mwaka 1973. Ilibaki kitabuni, nayo ndiyo iliyokuwa silaha pekee ya hao tutakaowataja.

Kamati ya Makanisa

Mwezi Oktoba 1973, majuma machache tu baada ya mapinduzi, viongozi wa dini mbalimbali katika Santiago walikutana wakaunda kamati iliyoitwa Kamati ya Ushirikiano kwa Ajili ya Amani. Wakatoliki walikuwamo chini ya Kadinali Raúl Silva Henríquez, askofu mkuu wa mji huo, ambaye alikuwa amekwenda mwenyewe kuwaona wafungwa katika Uwanja wa Taifa. Walutheri walikuwamo pamoja na askofu wao Helmut Frenz, Wamethodisti walikuwamo, na jamii ya Wayahudi pia. Fedha nyingi zilitoka kwa makanisa ya nchi nyingine, yaliyochangishana kwa njia ya Baraza la Makanisa la Ulimwengu.

Isidhaniwe kwamba watu wote wa dini walikubaliana nao. Hasha. Wako maaskofu waliouona utawala mpya kuwa ni wokovu, na mwaka 1974 wachungaji kadha wa Kiprotestanti walitoa tamko hadharani la kuwashukuru majenerali. Hao wa Kamati nao hawakuwa wa chama kimoja. Wengine walikuwa wameipinga serikali ya Allende. Lililowaunganisha halikuwa siasa bali neno moja: mtu ni kiumbe cha Mungu, na heshima yake haiondoki akifungwa.

Kazi ya Kamati ilikuwa ya namna nyingi. Mawakili waliwatetea washtakiwa mbele ya mabaraza ya kijeshi. Wauguzi na madaktari waliwatibu walioachiliwa, wakaandika majeraha yao. Wake za wafungwa, ambao wengi walikuwa wamepoteza riziki, walipewa msaada wa chakula, na watoto wakafunguliwa majiko ya pamoja katika mitaa ya maskini. Baadhi ya wanawake walikusanywa katika vyumba vya kazi, wakashona picha juu ya vitambaa vya magunia kwa vipande vya nguo kuukuu. Picha hizo zilionyesha mambo waliyoyaona: lango la gereza, foleni ya mkate, kiti kitupu mezani. Ziliuzwa ng'ambo, na mapato yakarudi kulisha nyumba zao. Hivyo sindano ilisema yale ambayo magazeti yalikatazwa kuyasema.

Utawala haukupendezwa. Mwezi Oktoba 1975 Askofu Frenz, alipokuwa safarini nje ya nchi, alikatazwa kurudi. Mwezi uliofuata Jenerali Pinochet alimwandikia Kadinali akitaka Kamati ivunjwe. Kadinali alitii amri hiyo, na Kamati ikafungwa mwisho wa mwaka. Lakini tarehe 1 Januari 1976 alifungua ofisi nyingine ndani ya kanisa lake mwenyewe, ikaitwa kwa Kihispania Vicaría de la Solidaridad, yaani Idara ya Mshikamano. Ofisi hiyo ilikuwa kando ya kanisa kuu, katika uwanja wa katikati ya mji. Kamati iliweza kuvunjwa kwa barua moja, lakini kuivunja idara ya kanisa ilikuwa ni kulipiga kanisa zima, na hilo majenerali waliliogopa katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakatoliki.

Jinsi Hati Ilivyokwenda

Sasa tutazame kazi yenyewe ilivyofanywa. Mama alifika asubuhi ofisini, akapanda ngazi, akapokewa na mfanyakazi aliyemkalisha na kumwuliza maswali kwa upole. Nani amechukuliwa? Lini, na saa ngapi? Wamekuja watu wangapi? Walivaa nini? Gari lao lilikuwa la rangi gani? Nani mwingine aliona? Majibu yote yaliandikwa, na jalada likafunguliwa kwa jina la aliyepotea. Wakili akaandika hati ya amparo, na mara nyingi siku hiyo hiyo ikafikishwa Mahakama ya Rufani.

Mahakama, badala ya kuamuru mtu aletwe au jaji aende kumtafuta, iliandika barua kwa Wizara ya Mambo ya Ndani na kungoja. Saa 24 za sheria ziligeuka kuwa siku nyingi, hata majuma. Kisha Wizara ilijibu kwamba mtu huyo hakukamatwa na hajulikani. Mahakama ikaridhika na jibu hilo, ikakataa ombi. Mama alirudi ofisini na karatasi ya kukataliwa, nayo ikawekwa ndani ya jalada, pamoja na nakala ya hati, na nakala ya barua ya Wizara.

Tangu mwaka 1973 mpaka 1983 mawakili wa Kamati na wa Vicaría walipeleka mahakamani maombi yapatayo 5,400 ya namna hii. Yaliyokubaliwa yalikuwa 10 tu. Mwanafunzi wetu angeliyajua hayo, angeliuliza swali lake kwa sauti kubwa zaidi.

Hata hivyo zipo faida mbili zilizoonekana mapema. Ya kwanza, ombi lilipofika upesi lilikuwa kama taa iliyowashwa gizani: waliomshika mtu walijua kwamba jina lake limekwisha kuandikwa, na kwamba wako watu wanaomwulizia. Ya pili, jamaa hawakuwa peke yao tena. Mama aliyedhani kwamba ni mwanawe tu aliyechukuliwa alikutana ngazini na mama wengine wenye msiba kama wake, na hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama cha jamaa za waliopotea.

Tanuri za Lonquén

Faida ya tatu ilichelewa. Serikali ilizoea kusema kwamba hao wanaoitwa waliopotea hawapo. Kwamba wamekimbilia nchi za nje, au wameuana wenyewe kwa wenyewe, au ni majina ya kubuni. Mwaka 1978 mzee mmoja alileta habari kwa watu wa kanisa kwamba ameona mifupa ya watu katika tanuri za zamani za kuchomea chokaa, mahali paitwapo Lonquén, karibu na Santiago. Vicaría haikupiga kelele. Iliwakusanya watu wanaoaminika, miongoni mwao askofu, mawakili na waandishi wa habari, nao wakaenda mwisho wa Novemba wakaona kwa macho yao. Siku iliyofuata walimpelekea habari Rais wa Mahakama ya Juu, naye hakuweza kusema kwamba hakuambiwa.

Jaji aliteuliwa kuchunguza. Ilionekana kwamba mifupa ile ni ya wanaume 15 waliokamatwa na polisi tarehe 7 Oktoba 1973 katika kijiji cha Isla de Maipo. Wengi walikuwa wakulima: katika nyumba moja walichukuliwa baba na wanawe wanne. Polisi walidai kwamba watu hao walikufa katika mapigano ya usiku. Jaji aliyapima maneno hayo akaona hayawezi kuwa ya kweli. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka mitano, lakini ilifika mwisho wake. Kwa bahati mbaya kesi ilihamishwa kwenye mahakama ya kijeshi, na wenye hatia wakasamehewa kwa sheria ya msamaha ambayo utawala ulijitungia mwaka 1978. Lakini tangu siku hiyo hapana mtu aliyeweza tena kusema kwamba waliopotea ni majina matupu. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitunukia Vicaría tuzo yake ya haki za binadamu.

Gharama Yake

Kazi hii haikufanywa bila hasara. José Zalaquett, wakili aliyeongoza idara ya sheria ya Kamati, alifungwa mwaka 1975 na kufukuzwa nchini mwaka 1976. Wafanyakazi wengine walitishwa, wakafuatwa barabarani, wakawekwa ndani. Tarehe 29 Machi 1985 José Manuel Parada, mtaalamu aliyekuwa akiyatunza majalada ya Vicaría, alinyakuliwa asubuhi mlangoni pa shule pamoja na mwalimu Manuel Guerrero. Kesho yake walikutwa wamechinjwa kando ya barabara, wao na mwenzao wa tatu, Santiago Nattino. Baadaye ilithibitishwa mahakamani kwamba wauaji walikuwa polisi, na mkuu wa polisi, aliyekuwa mmoja wa wakuu wanne watawala, alijiuzulu mwaka huo huo.

Hata mwishoni mwa utawala huo, mshitaki wa jeshi alidai akabidhiwe majalada ya wagonjwa waliotibiwa na madaktari wa Vicaría. Askofu Sergio Valech, aliyekuwa akiiongoza wakati huo, alikataa. Alijua kwamba kila jalada lilikuwa siri ya mtu aliyewaamini, na kwamba kulitoa ni kumrudisha mtu huyo kwa waliomtesa.

Faida ya Hati Zilizokataliwa

Tarehe 5 Oktoba 1988 watu wa Chile walipiga kura wakakataa Jenerali Pinochet aendelee kutawala, na mwezi Machi 1990 Rais Patricio Aylwin, aliyechaguliwa na watu, alishika madaraka. Mara aliunda tume ya kutafuta ukweli, chini ya wakili Raúl Rettig. Tume ilipewa muda usiotimia mwaka mmoja. Ingeliwezaje kuyachunguza mambo ya miaka kumi na saba kwa muda mfupi hivyo? Iliweza kwa sababu majalada yalikuwapo. Karatasi zile zilizokataliwa na majaji, kila moja ikiwa na jina, tarehe, saa, rangi ya gari na majina ya walioona, zikawa msingi wa kazi ya Tume. Mwaka 1991 taarifa yake iliwataja kwa majina watu 2,279 waliouawa au waliopotea. Zalaquett, yule aliyefukuzwa, alikuwa mmoja wa wajumbe wa Tume hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Vicaría waliona kwamba hata binadamu, ambaye ni zaidi ya mali, aweza kupotea bila habari asipoandikwa.

Na si hilo tu. Hata majaji walibadilika. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilithibitisha adhabu ya wakubwa wa polisi ya siri kwa ajili ya kijana mmoja fundi cherehani, aliyekamatwa Januari 1975 na asionekane tena. Majaji walisema kwamba maadamu mtu alichukuliwa na hajaonekana, hai wala maiti, kosa la kumteka linaendelea, basi msamaha wa mwaka 1978 hauwezi kulifunika. Na katika mashauri ya namna hiyo, jambo la kwanza la kuthibitisha ni kwamba mtu alichukuliwa kweli. Mwaka huo huo tume nyingine, iliyoongozwa na Askofu Valech yule yule, ilitoa orodha ya watu zaidi ya 27,000 waliofungwa kwa sababu za siasa, wengi wao wakiteswa.

Vicaría yenyewe ilifungwa mwisho wa mwaka 1992, kazi yake ikiwa imekwisha. Majalada yake yamehifadhiwa Santiago, na jamaa za waliopotea, mawakili na wanafunzi huyasoma.

Mafunzo Kwetu

Pengine mzazi atakayesoma makala hii atauliza, "Haya ya Chile yatuhusu nini?" Yatuhusu, kwa sababu ile amri ya kumleta mfungwa mbele ya jaji ni mali ya mataifa mengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 25, yaitaja miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, pamoja na haki ya kusikilizwa kwa haki na ya kutoteswa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13, nayo yahifadhi haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukataza mateso. Lakini tumeona kwamba Chile pia ilikuwa na sheria nzuri kitabuni. Sheria nzuri isiyoombwa na mtu hulala usingizi.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba wengi wa watu hawa hawakuwa mashujaa wa kubeba bunduki. Walikuwa makarani, mawakili, wauguzi, wapiga chapa na mama wa nyumbani. Kazi yao kubwa ilikuwa kusikiliza vizuri na kuandika sawasawa. Hayo ni mambo tunayofundishwa kila siku katika madarasa yetu, nasi mara nyingi tunayaona madogo: kuandika tarehe, kuandika jina kwa herufi zilizo sahihi, kutoongeza neno ambalo shahidi hakulisema. Kama Vicaría ingalitia chumvi katika jalada moja, majaji wangalipata sababu ya kuyatupa yote.

Basi tumjibu mwenzetu. Hati ya mia na moja haipelekwi kwa ajili ya jaji wa leo peke yake. Hupelekwa kwa ajili ya mfungwa, ili waliomshika wajue kwamba anatafutwa; hupelekwa kwa ajili ya mama yake, ili awe na mahali pa kwenda; na hupelekwa kwa ajili ya jaji atakayekuja baadaye, ambaye huenda leo yungali mtoto amekaa darasani, ili siku atakapotaka kujua ukweli aukute umeandikwa. Na tusisahau wale kumi. Katika maombi 5,400 kumi yalikubaliwa, na hapana aliyeweza kujua mapema ni yapi.